Maswali ya Wasomaji: Zhanna Pintusevich alishangilia kabla ya matokeo?

SWALI: Mhariri, nasikia Pintusevich wa Ukraine alishangilia ubingwa wa dunia wa mita 100 kisha akaambiwa ni wa pili. Ilikuwaje? Na medali zake zimebaki?

JIBU: Ni kweli, Athens 1997. Marion Jones wa Marekani alipewa sekunde 10.83, Pintusevich 10.85. Kwa kasi ya pale mwishoni, sekunde 0.02 ni kama sentimita 20 tu. Anayehesabiwa kufika ni yule ambaye kiwiliwili chake kimegusa mstari kwanza. Kichwa, mkono wala mguu havihesabiwi. Mkimbiaji hawezi kuliona hilo mwenyewe, kamera ndiyo inayoamua. Siku chache baadaye Pintusevich akachukua dhahabu ya mita 200 kwa 22.32, jambo ambalo wengi hulisahau!

Mwaka 2001, Edmonton, alimshinda Jones kwa 10.82 dhidi ya 10.85. Kwetu hiyo ndiyo mbio yake bora kabisa.

Medali hizo tatu zimebaki. Mwaka 2011 alifungiwa miaka miwili kwa kuhusishwa na dawa za kuongeza nguvu za BALCO, maabara ya Marekani, na matokeo yake kuanzia mwishoni mwa Novemba 2002 yakafutwa. Ya nyuma ya hapo hayakuguswa.