Uliza Ujibiwe: dawa ya nano ya mwaka mzima, nitupe jiki?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina kazahanati kadogo huku Buhongwa. Wiki iliyopita kaja kijana na begi anauza dawa ya kupulizia, anasema ina nano ya silva, ukipuliza mara moja kwenye vitasa, vitanda na meza ya sindano basi vijidudu vinajifia vyenyewe mwaka mzima na jiki hununui tena. Bei imechangamka ila nikipiga hesabu ya jiki ya mwaka naona kama inalipa. Ni kweli au napigwa? Wabeja sana.
Mama Zahanati, Buhongwa

JIBU: Marahaba mama. Hujapigwa bado, ila ukitoa hela kwa sababu ya hilo neno la "jiki hununui tena" ndo utakuwa umepigwa.

Silva yenyewe sio uongo. Ni madini ya fedha yaliyosagwa mpaka chembe za nanomita 1 hadi 100, na unywele wako mmoja una unene wa kama nanomita 80,000 hivi, sasa chembe zikiwa ndogo hivyo zinaachia ayoni za fedha (yaani atomu za fedha zenye chaji ya umeme) kirahisi, na hizo ayoni ndo zinazotoboa ngozi ya bakteria na kung'ang'ania protini zake mpaka anakufa. Shida ni kwamba ayoni zinataka unyevu ili zitoke. Kuna kipimo kinaitwa ISO 22196, ndo kinatumika sana kupima vitu kama hivi: bakteria wanawekwa kwenye maji, wanafunikwa na plastiki wasikauke, joto nyuzi 35, wanaachwa saa 24 ndo wanahesabiwa. Haya niambie, kitasa chako cha mlango wa maabara ni kikavu, kashika mgonjwa wa kuharisha saa nne kamili na saa nne na dakika mbili kashika nesi, hizo saa 24 ziko wapi?

Halafu kuna uchafu. Mafuta ya mikono, vumbi, tone la damu likikaukia juu, bakteria anakaa juu ya uchafu na silva iko chini, hawakutani. Kwa hiyo kufuta unafuta tu, na hata dawa ikiua 99.9% ya bakteria, ukianza na milioni moja bado unabaki na elfu moja.

Ukiamua kuinunua kama nyongeza, mwambie kijana alete karatasi ya vipimo na uangalie walipima bakteria gani, pakavu au palowevu, na baada ya kufutwa na jiki mara ngapi bado inafanya kazi. Akianza kukuonyesha video za kwenye simu, mwage.

Mimi hiyo hela ningeweka kwenye koki ya maji na sabuni, na spriti ya mikono yenye alkoholi isiyopungua 60% pale pale kitandani, maana mikono ya wahudumu ndo inayosafirisha vijidudu kutoka kitanda hiki kwenda kile. Damu ikimwagika, futa kwanza, kisha jiki ya 3.5% kopo moja kwa makopo sita ya maji, unapata klorini 0.5%, acha dakika kumi. Mchanganyiko wa jana mwaga, unapoteza nguvu.

SWALI: Mimi nauza sangara Mwaloni Kirumba. Nikipaka mabeseni dawa ya silva halafu nikamwaga maji ziwani, samaki watadhurika?
Muuza sangara, Kirumba

JIBU: Ayoni za fedha ni sumu kali kwa samaki wa maji baridi, zinaingilia matamvua yasivute chumvi samaki anayohitaji. Beseni lako moja haliui ziwa, ila mwalo mzima wakiiga hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Na wewe hata faida huioni kaka, ule utelezi wa sangara unafunika dawa yote kabla ya saa tatu asubuhi. Sugua beseni kwa brashi na sabuni, suuza, anika juani, na barafu usiibanie.