Maswali na majibu: Nasomea sanaa, nitaajiriwa wapi?

Wiki hii barua karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa sanaa. Nimezifupisha.

Niko mwaka wa pili. Nyumbani Kisauni kila nikishika brashi naambiwa hiyo si kazi. Hapa Mombasa kuna kazi gani hasa?

Zipo, ila nyingi hazitangazwi kwa jina la msanii. Angalia ni nani mjini hapa ambaye tayari hulipa watu wamchoree, umfuate huyo.

Anza Biashara Street. Duka la Kaderdina linauza kanga tangu 1887, na chapa ya "Mali ya Abdulla" hakuna mama wa Pwani asiyeijua. Kila kanga ina pindo, mji (mchoro wa katikati) na jina (msemo ulioandikwa), na kuna mtu aliyekaa chini akavipanga. Kuchora ua zuri hakutoshi. Rangi za kanga ni chache na kila moja huchapwa peke yake, kwa hivyo mchoraji lazima ajue kuutenga mchoro rangi kwa rangi, na pindo lipite kwenye pembe zote nne bila kuonekana limeungwa. Ukienda kwa mwenye duka au mchapishaji, mpelekee michoro miwili mitatu iliyokamilika kiasi cha kuingia mashineni. Daftari la vipande vipande liache nyumbani.

Pili, Fort Jesus. Wengi huiona kama mahali pa kupeleka wageni, kumbe ni makumbusho yenye vitu vilivyofukuliwa pwani nzima, vikiwemo vya jahazi la Kireno la Santo António de Tanná lililozama mbele ya ngome mwaka 1697. Kigae cha chungu kikitoka ardhini hupigwa picha, na pia huchorwa kwa kipimo: nusu moja ya mchoro inaonyesha unene wa ukuta wa chungu, nusu ya pili sura yake ya nje. Mkono uliofundishwa kuchora kwa utulivu unafaa sana hapo. Omba atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, mapema, kabla wenzako hawajazinduka.

Kuna pia mbao za matangazo, fulana, vifungashio, mapambo ya harusi na vyumba vya hoteli. Wapaka hina nao, ambao hakuna anayewahesabu kuwa wasanii, msimu wa harusi hawapatikani bila miadi. Ninachokushauri usikitegemee peke yake ni kuwauzia watalii picha za fremu. Kuanzia Aprili hadi Juni, mvua ya masika ikishika, ufukwe huwa mtupu na kodi ya nyumba haingojei.

Nataka kufundisha sanaa sekondari. Digrii yangu ya sanaa inatosha?

Peke yake haitoshi. TSC, tume ya walimu, husajili aliyesomea ualimu: ama digrii ya elimu, ama digrii yako pamoja na stashahada ya uzamili ya elimu. Angalia pia somo lako la pili la kufundishia, kwani mwalimu wa somo moja hupata tabu kupangiwa shule. Habari njema ni kwamba sekondari ya juu ya mtaala mpya, iliyoanza Januari 2026, ina mkondo mzima wa sanaa na michezo. Shule zitahitaji watu wa kuufundisha.

Nilimchorea mwenye mkahawa huko Nyali picha ya ukutani. Sasa ameichapisha kwenye fulana anaziuza, mimi sipati hata senti. Nimshtaki?

Pole, mwanangu, lakini kabla ya kukimbilia kwa wakili nieleze jambo linalowashangaza wengi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema hakimiliki huanza kwa aliyeitunga kazi. Ila kazi ikiwa imeagizwa na mteja, huhesabiwa kwamba imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kama hamkuandikiana chochote, yeye ndiye mwenye nguvu. Tafuta zile jumbe zenu za simu. Ikiwa mlisema ni ya ukuta tu, una pa kushika, na hapo ndipo umwone wakili. Ikiwa hakuna kitu, nenda kwake kwa adabu umwombe kazi ya fulana zijazo kwa malipo. Naona utapata zaidi hivyo kuliko mahakamani.

Kwa kazi nyingine zote, karatasi moja inatosha, na Kiswahili kinafaa kabisa. Andika: "Mchoro huu ni wa kupakwa kwenye ukuta wa mkahawa pekee. Hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Matumizi mengine yoyote yatalipiwa kando." Nyote wawili mtie sahihi, mteja atoe arbuni ya nusu ya bei, ndipo ufungue kopo la rangi. Mteja anayekataa kutoa arbuni huwa ameshakuambia jinsi atakavyolipa mwishoni.

Watu wanataka nembo kwa shilingi mia tano. Nikikataa wanakwenda kwa mwingine.

Waache waende. Au wape ya mia tano: wazo moja, bila kurekebishwa. Kinachomla mchoraji ni "nibadilishie kidogo tu" ya mara ya tisa. Sema tangu mwanzo kwamba mabadiliko mawili yamo kwenye bei na la tatu lina bei yake.

Mimi ni mzazi, Likoni. Binti yangu ataka kompyuta ya kuchorea. Akili unde si inachora yenyewe siku hizi? Nisitupe pesa?

Bi mkubwa, hofu yako ina msingi. Kazi rahisi za vipeperushi zimeanza kuliwa na mashine, na zitaendelea kuliwa. Lakini mashine haipandi ngazi kupaka ukuta, haimpaki bibi harusi piko, wala haikai na mteja wa Mji wa Kale hadi ajue anachotaka. Mnunulie, ila iliyotumika inatosha kuanzia, na muende na fundi mnayemwamini aikague kabla ya kulipa. Mwambie pia asiache penseli. Wanaomwajiri bado humwomba achore mbele yao.