Siku mbili Kampala, anzia Old Kampala

Dada, umesema unatoka Mwanza, ni mara ya kwanza kuja Kampala, una siku mbili tu na hujui uanzie wapi. Mi ningekwambia asubuhi na mapema nenda Msikiti wa Gaddafi pale Old Kampala, unalipa kiingilio kidogo, wanakupa mtandio na shuka ujifunike, halafu unapanda ule mnara, ngazi ni nyingi kwa hiyo panda pole pole, ila ukifika juu mji wote uko chini yako, unaona vilima vya Namirembe, Rubaga, Mengo, na barabara zinavyoshuka toka kila kilima. Ukishauona mji hivyo hata ukipotea baadaye utajua uko upande gani.

Mchana nenda Kasubi, walikozikwa makabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda. Nyumba kubwa ya nyasi iliungua 2010 wakaijenga upya, na kwa kweli mi kila nikienda pale nanyamaza tu. Vaa sketi ndefu.

Halafu jambo moja linawachanganya sana Watanzania, hapa ukisikia "taksi" ni daladala, ile gari ya peke yako wanaita speshoo. Boda patana bei kabla hujapanda, au tumia zile za programu ya simu.

Jioni kula rolex, chapati na mayai inakunjwa moto moto pale barabarani. Soko la Owino nenda kesho yake asubuhi, simu weka mfuko wa mbele, usiiweke wa nyuma.