Anti, nilipata ziro form four na mpaka leo najiona ziro

SWALI

Anti shikamoo. Nipo Morogoro, nina miaka 26, ni fundi cherehani, fremu yangu ndogo ina mwaka wa nne sasa. Kwetu tumezaliwa wanne, kaka yupo benki, dada nesi, mdogo wetu yupo chuo Dodoma. Mimi form four nilipata ziro, pointi 34, niliambulia D ya Kiswahili tu. Matokeo yalitoka mwanzoni mwa 2017, baba akayafungua kwenye simu sebuleni wageni wapo, akasema basi huyu ndo ziro wetu, na mpaka leo akinikasirikia ananiita ivo. Mwezi uliopita ilikua sendoff ya dada, sare za familia nilishona mimi zote, magauni na mashati 14, bure. Ukumbini MC anatambulisha ndugu na kazi zao, kufika kwangu akasema na huyu ni mdogo wake bibi harusi, akapita. Nikaenda chooni nikalia. Mteja akiniuliza bei ya gauni nasema elfu 20 tena sauti inakata, fundi wa fremu ya pili mshono ule ule anachukua 35. Saivi mama mdogo kaleta vitenge vya harusi ya binamu mwezi wa 12, watu tisa, hela hajagusia. Alafu kuna kijana, mwalimu wa sekondari, anataka kuleta barua nyumbani na mimi namkwepa maana hajui kuhusu matokeo yangu. Nifanyeje anti na mimi nijione mtu?

Fundi, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kitu kilichonikaa ni zile nguo 14. Ukumbi mzima ule, meza ya familia yote imevaa mikono yako, alafu we mwenyewe upo chooni unalia. Iliniuma.

Tuanze na hiyo ziro, maana umeibeba miaka yote hii bila kuifungua ndani. Pointi zinahesabiwa kwa masomo saba, A ni 1 na F ni 5, kwaiyo ukipata D moja na F sita inakuja 34, na 34 na 35 ndo division ziro. Ni hesabu ya kujumlisha tu. Sasa angalia D yako umeipata kwenye somo gani. Kiswahili. Miaka saba ya msingi umefundishwa kwa Kiswahili, ukaingia form one ghafla bailojia, hesabu, jiografia vyote kwa Kingereza, na kama shule yenu ilikua kama nyingi za kata mwalimu wa sayansi mwenyewe alikua wa kusubiri, somo pekee uliloambulia ndo lile ulilolielewa mwalimu akiongea. Mimi hapo sioni mtoto asiye na akili.

Na wenye umri wako mlikua wadogo ila sisi tunakumbuka matokeo ya form four ya 2012. Yalipotangazwa Februari 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa walikua na ziro, nchi nzima ikapiga kelele, waziri mkuu wa wakati ule Mizengo Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka wa nyuma yake, mwezi wa tano yakatangazwa tena. Maelfu ya watoto waliolala ziro wakaamka na division four. Karatasi ni zile zile na hakuna aliyeongeza ata mstari. Kilichobadilika ni namna ya kupanga madaraja, na wapo walioshaitwa majina nyumbani kwa hiyo miezi mitatu.

Lakini sitaki ujishikize kwenye hayo tu. Ukisema mi nina thamani kwa sababu mtihani ulinionea, siku atakayekuambia haukukuonea utaanguka tena. Tuseme ulikua wa haki kabisa na wewe fizikia haikuingii, basi. Bado baba hakua na haki ya kukuita ile namba mbele ya wageni. Hilo nalisema wazi kwa heshima yake yote kama mzazi.

Sasa njoo kwenye bei, maana mi naona kidonda chako kiko hapo kuliko sebuleni kwenu. Unasema elfu 20 kabla mteja hajaomba punguzo, ndugu unawashonea bure kabla hawajaomba bure, mimi naona unalipa faini ya ile ziro kila siku kidogo kidogo, na hakuna aliyekuambia inaisha lini. Wanaodai faini wako wachache, wengine wanachukua tu kwa sababu umeshaweka mezani. Kwaiyo leo jioni ukifunga fremu kaa na daftari, chukua gauni moja, andika uzi, zipu, bitana, umeme, kodi ya fremu ukigawa kwa siku, alafu andika masaa yako: kupima, kukata, kushona, ovaloki, kupiga pasi, na yule mteja anayerudi mara mbili kuongeza kiuno. Nina wasiwasi kwenye hiyo elfu 20 masaa yako yanalipwa karibu na bure. Ukipata bei ya haki iandike kwenye karatasi ubandike ukutani juu ya mashine. Mteja akiuliza, itaje alafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu, utatamani kuongeza "ila tunaongea", usiongeze, mwache aongee yeye. Wapo watakaoondoka, wiki ya kwanza moyo utadunda, lakini subiri uone wangapi watatoa hela bila neno, na siku hiyo utajua kitu ambacho mimi siwezi kukuambia kwa maandishi.

Na usije ukaenda kusimama mbele ya kioo ukajiambia mimi ni bora mimi ni malkia kama wanavyofundisha watu wa motivesheni. Mwaka 2009 huko Kanada mtafiti Joanne Wood na wenzake walipima jambo hili, wakakuta watu wanaojidharau wakirudia rudia kujiambia kwamba wanapendeka wanazidi kujisikia vibaya, nadhani kwa sababu moyo unaona huo ni uongo, haujayakubali hayo maneno bado. Kuna mtafiti mwingine, Mmarekani Morris Rosenberg, aliwachunguza wanafunzi wa sekondari jimbo la New York na kuandika kazi yake 1965, yeye alisema mtu mwenye kujithamini kwa afya hajioni amezidi wengine, anajiona anatosha. Nimelipenda hilo neno kutosha. Huna haja ya kumzidi kaka wa benki. Kwenye meza ya kwenu una kiti kama wao na hukukinunua kwa pointi.

Baba. Ongea nae mara moja, siku ametulia, usisubiri siku ya ugomvi. Sema "Baba nakuheshimu, lile jina naomba usiniite tena, linaniumiza." Usielezee sana. Kama mdomo hautafunguka mpitie shangazi yako, dada yake baba, hiyo ndo kazi ya shangazi. Anaweza kuacha, anaweza asiache, wazee wengine kubadilika ni shida, ila wewe utakua umelisema na hutaendelea kuliitikia.

Huyo kijana mwambie mwenyewe kabla barua haijafika kwenu, asije kulisikia kwa watu. Ni mwalimu, ziro anaziona kila mwaka na majina ya watoto anayajua, anajua zinavyopatikana. Akikudharau kwa hilo umeokoka mapema. Lakini kumkwepa huku ni wewe unamjibia kabla hajaulizwa.

Kuhusu cheti, unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ukitaka, na VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza mtaani na kuwapa cheti, kaulize kwenye chuo chao pale Kihonda kama ushonaji wanaupima msimu huu. Nenda kwa sababu ya tenda za sare za shule na maofisi. Ukienda ili baba akuone, utarudi na cheti na njaa ile ile.

Na kile kilio kikiendelea wiki kwa wiki, usingizi hauji, chakula hakipiti, au ukaanza kuwaza bora usiwepo, nenda hospitali ya mkoa uombe kuonana na mtu wa afya ya akili, usikae nalo peke yako.

Vile vitenge vya watu tisa mpigie mama mdogo kesho asubuhi. Mwambie bei ya ndugu ni hii, ipunguze kidogo kama moyo unataka, nusu itangulie kwa simu, nusu siku ya kuchukua. Mpaka hiyo nusu iingie mkasi usiguse kitambaa.