Sikio na Wimbo: Maswali Yenu Kuhusu Albamu za Mapenzi ya Ujana

Barua za safari hii zimeangukia mahali pamoja: zile albamu za pop zinazoimba mapenzi ya ujana, ambazo watu huzicheza wakiwa na kazi nyingine mkononi kisha wakasema wamezisikiliza.

Albamu niliyonayo ina nyimbo 12, zote ni kupenda na kuachwa. Nimeirudia sana lakini zinaniingia kama wimbo mmoja mrefu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mipangilio ya programu unayochezea. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, maana mpangilio wake ni sehemu ya kisa. Zima pia kile kipengele kinachofifisha mwisho wa wimbo mmoja juu ya mwanzo wa mwingine. Kinakula sekunde za mwisho, na humo ndimo mwimbaji huachia pumzi, kicheko au neno la pembeni. Rudisha ekwalaiza, kile kirekebishi cha besi na sauti za juu, kwenye sifuri. Kama programu inasawazisha ukubwa wa sauti, izuie au uiambie isawazishe kwa albamu nzima. La sivyo wimbo wa kunong'ona utapandishwa ulingane na wa kupiga kelele, na tofauti iliyokusudiwa itakufa.

Sasa sikiliza yote mfululizo, bila mashairi mbele yako na bila kusimamisha. Nyimbo 12 za dakika tatu na nusu ni dakika 42 tu. Kila wimbo uandikie mstari mmoja: dakika na sekunde sikio lilipotegeka, mfano "wa 4, 2:18". Sababu usiandike bado. Ukianza kueleza, wimbo unaofuata utakupita.

Siku nyingine shika mashairi na uchore safu nne: mimi, wewe, yeye, sisi. Kila mstari utie alama panapostahili. Kwa mashairi ya Kiswahili chungulia ndani ya kitenzi, kwani "nilikungoja" tayari ina watu wawili: anayengoja na anayengojwa. Hapa ndipo nyimbo zilizofanana huanza kuachana. Kuna wimbo ambao ubeti wa kwanza unamwambia "wewe" na ubeti wa pili unamsema "yeye". Mpenzi ametoka chumbani katikati ya wimbo, na kiitikio kile kile kikirudi sasa kinaimbiwa kiti kitupu. Kuna mwingine wenye "sisi" mpaka kiitikio cha mwisho, kisha "sisi" haionekani tena. Tazama na nyakati pia. Ukikuta "-nge-" au "-ngali-", weka duara: hapo kijana ameacha kusimulia, ameanza kujuta.

Mzunguko wa tatu chagua nyimbo tatu tu kutokana na alama zako za mwanzo. Kila mmoja upige mara tatu: mara moja ukifuata besi na ngoma, mara moja sauti kuu, mara moja kila kilichobaki. Wengi hukwama kwa kutaka kusikia vyote kwa pamoja. Sikio lenyewe humkimbilia mwimbaji, na vingine vikawa pambo.

Na usianze na wimbo uliokwisha kuvuma. Utaipima mingine yote kwa huo.

Spika ya simu inatosha?

Kwa maneno, ndiyo. Kwa muziki, hapana. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo namna ile haiwezi kuusukuma mtetemo huo. Unasikia sauti zake za juu tu, ubongo unajazia. Tumia hedifoni, masikio yote mawili, kushoto kushoto na kulia kulia, kwa sababu magitaa na waitikiaji mara nyingi hugawanywa pande mbili. Ukiona besi nyembamba kwenye spika za masikioni, jaribu kwanza vile vipira vikubwa zaidi. Kipira kisichoziba tundu la sikio huvujisha besi yote.

Kuna wimbo unanifanya nicheze, halafu nikisoma maneno ni kilio kitupu. Mtunzi amekosea?

Hakukosea, ila pima kabla ya kumsifu. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 30, huo ni wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, mwendo wa kucheza hasa. Watu huhesabu mara mbili ya mwendo halisi kwa kufuata vile visahani vya ngoma vinavyochakarika. Fuata snea, ile ngoma ya mlio mkali wa kupasuka: katika pop ya kawaida, kwa kila mapigo manne, hugonga pigo la 2 na la 4. Ikigonga pigo la 3 pekee, mwili unausikia wimbo kwa nusu ya mwendo uliouhesabu.

Baada ya mwendo, njoo kwenye kodi (za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za serikali). Nyimbo nyingi za pop huzunguka kodi nne, mathalani C, G, A maina na F. Kwa mpangilio huo C ni nyumbani, pale wimbo unapotulia. Mtunzi akizungusha F, G na A maina peke yake, wimbo unabaki mlangoni hauingii ndani, hata ngoma zikifurahi vipi. Huhitaji kujua kupiga ala ili kulisikia hilo. Simamisha wimbo ghafla mwishoni mwa kiitikio, kisha uvumishe ile noti ambayo ungeridhika kuishia nayo. Ikiwa wimbo wenyewe umeishia kwingine, ndiyo ile hali ya kungoja ujumbe usiojibiwa.

Halafu sikiliza daraja, kile kipande kinachokuja mara nyingi baada ya kiitikio cha pili. Ngoma zikiondolewa pale, mtunzi anataka usikie neno ambalo mdundo ulikuwa ukilifunika. Zisipoondolewa, huenda kilio ni cha mapambo tu. Nyimbo za namna hiyo zipo, na si chache.

Mwimbaji ni mmoja, mbona kwenye kiitikio anasikika kama watu watatu?

Kwa sababu amerekodiwa zaidi ya mara moja, tabaka juu ya tabaka. Tofauti ndogo za matamshi na muda ndizo zinazoinenepesha sauti. Mwaka 1966 fundi Ken Townsend wa studio za Abbey Road, London, alibuni njia ya kuirudufisha sauti kwa mashine za tepu ili mwimbaji asilazimike kuimba upya; leo kompyuta hufanya hivyo kwa kubofya.

Jambo la kuvizia ni pale tabaka zinapopungua. Ubeti wenye sauti moja kavu, isiyo na mwangwi, pumzi zikisikika, unamweka mwimbaji sikioni mwako. Kiitikio chenye tabaka na mwangwi kinamweka jukwaani. Kijana anayeimba "nimekusahau" kwa sauti moja kavu, pumzi ikikatika kabla ya jina, hajasahau kitu. Mapenzi ni kikohozi. Mtayarishaji angeweza kuifuta pumzi hiyo. Kuiacha ni uamuzi.

Sauti inayopanda na kushuka kama ngazi, bila kuteleza kati ya noti na noti, ni kazi ya programu ya kurekebisha sauti. Auto-Tune, maarufu kuliko zote, ilitoka mwaka 1997. Ikitumika waziwazi usiikimbie. Jiulize iko kwenye maneno gani.

Natafsiri mashairi ya Kiingereza kwa ajili ya kikundi chetu cha wasikilizaji. "He" na "she" zote zinakuwa "yeye". Nifanyeje?

Pembetatu ya mapenzi ndiyo itakayokuponyoka: "anampenda" haisemi nani mvulana, nani msichana. Mara ya kwanza mtaje mtu, "yule msichana" au "yule kaka", kisha endelea na "a-". Usirudie kila mstari, ubeti utakuwa mzito. Na kama wimbo wa asili wenyewe umeficha jinsia, wewe nani umfichue?

Sauti niifungue kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo 83 ni saa 20. Ukilinganisha nyimbo mbili, zilinganishe kwanza ukubwa wa sauti. Wenye sauti kubwa zaidi utauona bora hata kama si bora.