Usiruhusu hiyo laptopu iguse E63 yako Jumamosi

Omera, hapana. Mpigie huyo jamaa saa hii umwambie asije.

Kwa wale hawajasoma posti yake: ndugu yetu wa Kisumu amenunua Mercedes E63 S ya AMG (zile Mercedes za kasi), W212 ya 2014, imetoka Japani, stoki kabisa, yaani vile ilitoka kiwandani, na Jumamosi kuna fundi anakuja kumfanyia steji 1, yaani kuongeza nguvu kwa kubadilisha software ya injini peke yake, pale wanapoosha magari. Elfu arobaini, dakika ishirini, faili mpya inaingia kwa soketi ya OBD, ile ya kuunganisha kompyuta na gari, chini ya usukani na fundi amesema hahitaji hata kuiendesha. Sasa anauliza kama atafika nguvu za farasi 700, kama aongeze ile ya eksozi kupiga risasi ukiachilia mafuta, oili gani atumie baadaye, bima itasemaje, na kama gari itapunguza kula mafuta.

Hiyo ya "hahitaji kuiendesha" ndiyo imenikosesha usingizi. Maneno hayo hayo niliambiwa hapa Nakuru, na ile sauti tamu ya mtu anajua pesa yako ishaingia mfukoni mwake. Mimi nilikuwa na BMW 335i, F30, injini ya N55, silinda sita, tabo (turbo, ile pampu ya kusukuma hewa kwa injini) moja, farasi 306 na Nm 400 kutoka kiwandani, na haikuwa na ugonjwa wowote. Mwenye ugonjwa nilikuwa mimi, nikiangalia video za watu wa Ujerumani usiku wakifika 380 "kwa software tu" huku mke akiuliza kwani hiyo gari ina mimba mbona unaiangalia hivyo.

Basi fundi akaja. Laptopu haina chaji, akaomba waya wa kuvuta stima, akachomeka kebo, akaanza kuandika kompyuta ya injini na betri ya gari ikiwa peke yake, hakuna mashine ya kushikilia volti. Hiyo peke yake ingetosha kunifukuzisha. Volti ikianguka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa hapo hapo na gari iende nyumbani kwa breakdown. Nikamuuliza, umehifadhi faili yangu ya mwanzo? Akasema eeh, iko. Baadaye sana ndio nikaja kujua hakusoma kitu kwa gari yangu. Mashine yake ilichukua tu namba ya toleo la software, ikaitafuta kwa seva ya watu wengine huko nje, ikaleta faili "inayofanana", tayari imepikwa. Faili ya mitumba. Na mitumba ya nguo angalau unaijaribu kwanza.

Nikamwomba anionyeshe grafu ya dyno, ile mashine ya roli inayopima nguvu ya gari. Akanionyesha. Grafu safi kabisa, 378, na picha ya gari juu ya roli. Usukani wa hiyo gari ulikuwa upande wa kushoto jameni. Kushoto! Na mimi nikaitikia kichwa kama mtu ameelewa.

Sitadanganya, siku za kwanza ilikuwa tamu. Kutoka tauni hadi Njoro nilikuwa naendesha nikicheka peke yangu. Halafu ikaja ile paipu ya plastiki inayotoa hewa kwa intakula (kipoza hewa ya tabo) kwenda kwa trotoli (mlango wa hewa wa injini), ikapasuka nikiovateki pale Kiamunyi, puuu, nguvu zikaisha. Kila mtu anayejua N55 anajua hiyo paipu, haikutengenezewa presha ya aina hiyo. Nikampigia fundi. Akasema hongera, hiyo ni dalili gari iko na busti, presha ya tabo, ya kutosha, weka ya aluminiamu tuendelee. HONGERA. Nikaweka ya aluminiamu. Ile plastiki ilikuwa inanipigia kelele kwamba presha imezidi na mimi nikailipia pesa inyamaze.

Sasa sikia vile mwisho ulikuja. Unajua ule mlima ukitoka Salgaa unapanda Sachangwan kwenda Mau Summit, malori yamejipanga yanatambaa, unangoja nafasi unangoja nafasi, hewa ya injini inazidi kupata joto, halafu nafasi inatokea na unakanyaga hadi chini ukiwa gia ya tatu. Nikasikia sauti kama misumari inatikiswa ndani ya mkebe. Kidogo tu, labda sekunde mbili. Nikaangalia dashibodi, hakuna taa. Nikasema ni mawe ya barabara. Nikaendelea kukanyaga kila nikipata nafasi, na taa haikuwaka, na mimi nikaamini taa. Kufika karibu na juu gari ikaanza kutetemeka, nikaangalia kioo cha nyuma naona moshi wa bluu umefunika lori niliyokuwa nimeipita, na dereva wake ananipungia mkono kwa huruma.

Compression, vile kila silinda inabana hewa, ikapimwa: silinda tano ziko sawa, moja imelala. Pistoni ilipotoka, ule ukingo mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha, na ukuta wa silinda umechorwa mistari unaisikia kwa kidole. Injini ya pili, ya kutoka Japani, pamoja na kazi, ilinigharimu bei ya Probox safi. Pistoni iko sebuleni juu ya kabati, wageni wakiuliza nasema ni sanaa ya kisasa.

Mwenye alinifungua macho ni jamaa mwingine kabisa, wa Nairobi, mtu hana kelele. Alisoma faili kutoka kwa kompyuta yangu akaiweka kando ya faili ya kiwandani, mstari kwa mstari. Kwanza, taarifa za misfaya, yaani silinda ikikosa kuwaka, zilikuwa zimezimwa, ndio maana taa haikuwaka. Pili, vile sensa za noki (injini kugonga) zinasikia vilikuwa vimelegezwa, yaani injini iligonga na kompyuta ikaambiwa usijali. Tatu, lile jedwali Wajerumani waliweka la kupunguza busti ukipanda nchi ya juu, limefutwa. Sasa fikiria mtu anatoa hiyo kwa gari ya Nakuru! Ni sawa tu kama angefanya kazi Mombasa, lakini Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari.

Na hapa ndipo watu hawaelewi kwa hivyo nivumilie. Pwani hewa ina presha ya takriban bar 1. Nakuru ni kama 0.81. Ukienda Mau Summit inashuka hadi karibu 0.75. Faili ikisema nataka bar 2 ndani ya injini, ukihesabu na presha ya hewa ya nje, pwani tabo inakandamiza hewa mara mbili. Nakuru inabidi iikandamize karibu mara mbili na nusu, na Mau Summit karibu 2.7, ili kupata kitu kile kile. Tabo inazunguka kasi zaidi, na hewa ukiikandamiza zaidi inatoka moto zaidi, intakula inashindwa, hewa ya moto inaingia kwa silinda. Halafu ongeza petroli. Faili nyingi za Ulaya zimeandikiwa okteni 98, okteni ikiwa ni kipimo cha vile petroli inavumilia bila kugonga. Gari zetu zikiwa Japani zinakunywa ile high-octane ya karibu 100. Super yetu ya kawaida haifiki hapo, na hakuna hadithi ya fundi itaifikisha. Hewa moto na okteni ndogo na plagi imewashwa mapema vile faili imeagiza, basi ule mchanganyiko uliobaki pembeni mwa silinda unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hiyo ndiyo misumari kwa mkebe. Kila mlipuko unapiga ule ukingo wa pistoni, na siku moja unameguka.

Na kitu kingine kiliniuma. BMW wenyewe walipoichukua N55 wakaipandisha hadi farasi 370 kwa ile M2, walibadilisha pistoni, wakaweka za M3 na M4, wakaongeza na upoaji. Kiwanda chenye wahandisi wote hao kiliona pistoni zangu hazitoshi kwa 370, fundi wa waya wa kuazima akaona zinatosha kwa 378.

Utasema yako ni AMG, V8 lita tano na nusu, tabo mbili, farasi 585 na Nm 800, si ka-silinda sita. Sawa, ni injini ya nguvu. Fizikia haiulizi bei ya gari. Na wewe uko pabaya kuniliko kwa njia moja: Kisumu ni kama mita 1,130, joto la mchana ni la kukaanga, na ukienda Nairobi unapanda Kericho, Londiani, hadi Mau Summit kwa safari moja. Faili inaweza kuwa sawa kando ya ziwa na ikuue juu. Fundi ambaye hajaendesha gari yako mahali popote atajuaje?

Kwa hivyo kitu ni kimoja tu, LOGI KWANZA. Kabla mtu hajagusa software, gari ikiwa stoki, na petroli ile unanunua kila siku, rekodi data. Chukua adapta ya OBD ya maana, si ile ya mia tano, au tafuta mtu ana Xentry, ile software ya Mercedes ya kupima magari yao. Enda mahali pa mlima pasipo na watu, mtu mwingine ashike laptopu au simu, gia ya tatu au ya nne uishikilie usiache ijibadilishe, kanyaga kutoka kama 2,500 hadi karibu na mwisho. Unataka kuona: kompyuta inarudisha nyuma (inachelewesha) moto wa plagi digrii ngapi kwa kila silinda, joto la hewa inayoingia, busti iliyoombwa na busti iliyopatikana, presha ya reli ya mafuta, na lambda, yaani uwiano wa hewa na mafuta. Kama ikiwa stoki tayari kuna silinda inarudishwa nyuma digrii nne tano kila ukikanyaga, hauna nafasi ya kuongeza chochote, una plagi za kubadilisha ama petroli mbaya ama intakula imechoka. Gari ya 2014 hiyo bado hujajua historia yake, huenda mwenyewe wa kwanza alishaipika.

Halafu unapeleka hizo logi kwa mtyunaji. Akisema hazihitaji, beba gari yako uende. Akizisoma akaanza kukuuliza maswali, huyo kaa naye. Akimaliza kuandika mnalogi tena, na tena kule juu, anarekebisha, mnalogi tena. Na faili ya mwanzo, ile imesomwa kutoka kwa gari YAKO, iwe kwa flashi yako mfukoni kabla hajaandika herufi moja. Yule wa Nairobi alinitengenezea injini ya pili hivyo, ikatoka na farasi chache kuliko grafu ya mkono wa kushoto, na noki hakuna, nimepanda Timboroa nayo mchana na familia ndani.

Ooh na ile ya eksozi kupiga risasi, wacha. Ni mafuta yanachomwa nje ya silinda makusudi, moto unaenda kwa cat, ile ya kusafisha moshi kwa eksozi, na cat za E63 hutaki kujua bei yake. Watu wa Milimani pia wanataka kulala. Farasi 700? Hizo 585 bado hujazimaliza, kutoka Kondele hadi Mamboleo boda zikiwa zimejaa utatumia labda arobaini.

Ulikuwa umeuliza kitu kingine, nafikiri ya bima, na oili, sijui, wengine watakujibu, mimi mikono imeanza kutetemeka nikikumbuka.

Piga hizo logi wikendi hii uziweke hapa hapa, picha za skrini zikiwa chafu hakuna shida, tutazisoma. Na huyo wa laptopu akikusumbua kwa simu mwambie umeenda matanga Siaya, gari ndiyo imebeba wazee, hujui itarudi lini.