Ukishuka Dar kwa siku tatu, usianze na ndugu

Dada mmoja wa Mafinga ameniandikia juzi: anashuka Dar es Salaam na wanawe wawili, ana siku tatu tu, awapeleke wapi? Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Swali lake limegusa pale pale panaponiuma.

Miaka minne iliyopita nami nilishuka na wanangu. Nilikuwa nimedunduliza hela za kushona sare za shule hapa Mwanjelwa, Mbeya, tangu Januari mpaka Mei, nikawaahidi bahari. Tukapanda basi alfajiri na mizigo yetu: gunia la mchele wa Kyela, mikungu miwili ya ndizi za Tukuyu, ndoo ya parachichi. Kwa ndugu hauendi mikono mitupu, ndivyo tulivyolelewa. Zaidi ya kilomita 800, Makambako, mteremko wa Kitonga, swala wa Mikumi dirishani. Watoto hawakulala hata kidogo.

Siku ya kwanza tukapeleka mchele Mbagala. Ya pili ndizi Tegeta, na huko tukaambiwa mama mkubwa wa Kigamboni atanuna asipotuona. Kila nyumba soda, kila nyumba "kaeni kwanza, foleni saa hizi haifai". Siku ya tatu jioni nikakaza moyo, tukafika Coco Beach. Maji hayakuwepo. Mawe, vidimbwi, na bahari yenyewe iko kule mbali. Sisi tumezoea Matema, Ziwa Nyasa halihami. Mwanangu mdogo, wakati ule ana miaka saba, akaniuliza, "Mama, imekauka?" Nikamnunulia muhogo wa kukaanga, tukarudi kulala, alfajiri basi. Shuleni walipoulizwa likizo walikwenda wapi, alisema alikwenda Mbagala.

Na baada ya yote hayo, shangazi mmoja ambaye sikumfikia alinisema kwenye kundi la ukoo kwamba nilikuja mjini kwa maringo. Mpaka leo sijaombwa radhi.

Juni hii nimerudi, na safari hii nimefanya nilivyotaka. Mchele niliwatumia ndugu kwa basi wiki moja kabla. Sikumwambia mtu siku ya kufika. Nikachukua chumba Kijitonyama, na kesho yake tukaenda kwa miguu Kijiji cha Makumbusho, kwenye nyumba za jadi za makabila. Wanangu waliingia kwenye msonge wa Kihaya wakatoka wakauliza mbona bibi yao hana nyumba kama ile. Siku hiyo basi, hatukuongeza kitu.

Ya pili ilikuwa ya katikati ya jiji. Anza Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, muone habari za Zinjanthropus, yule zamadamu ambaye Mary Leakey aliliona fuvu lake Olduvai mwaka 1959. Kutoka hapo kila kitu ni mwendo wa miguu: sanamu ya Askari iliyosimama tangu 1927, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kanisa la Kilutheri la Azania Front, halafu Kivukoni. Pandeni pantoni mwende Kigamboni na kurudi. Ni nauli ndogo, na kwa mtoto wa milimani ile ni meli kamili. Pweza wa soko la samaki la Feri mle mkiwa mmesimama.

Lakini siku niliyoisubiri miaka minne ni ya tatu, kisiwa cha Mbudya. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikwenda kumuuliza mvuvi saa za maji, maana sasa najua: bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji hukimbia mbali zaidi. Tukapanda boti Kunduchi asubuhi, tukalipa kiingilio cha hifadhi, tukashuka kwenye mchanga mweupe. Yule aliyeniuliza kama imekauka sasa ana miaka kumi na moja. Aliingia mpaka kifuani, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akageuka akanitazama. "Kumbe ni chumvi kweli." Nililia pale ufukweni na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo dada yangu, usianze na ndugu. Siku moja, upande mmoja wa jiji. Uliza saa za maji kabla ya kumwahidi mtoto. Na usianze na ndugu, narudia, kwa sababu najua utakavyosemwa, na najua utakavyotaka kulegea. Sisi watu wa nyanda za juu tumefundishwa heshima mpaka tunawanyima watoto wetu kilicho chao. Hela uliitafuta wewe, ahadi uliitoa wewe. Anayekupenda atapokea simu yako siku ya kuondoka, ukiwa stendi ya Magufuli, na atafurahi kusikia watoto wameogelea. Nilipiga simu saba asubuhi ile. Mama mkubwa wa Kigamboni alicheka akasema nimefanya vizuri. Shangazi hakupokea.

Mbudya beba maji ya kunywa na kofia za watoto. Na makoti yao usiyaweke chini kabisa ya begi: mkirudi, mkishamaliza kupanda Kitonga, baridi itawapokea.